Udhaifu Ulionunuliwa kwa Makusudi

Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa kompyuta iliyoitwa Eee PC 701. Ukiitazama kwenye karatasi ya vipimo, hukuona sababu ya mtu kuitaka. Kioo kilikuwa cha inchi 7, hifadhi ya toleo lililovuma gigabaiti 4, na prosesa iliyoundwa kwenda kwa megahezi 900 ilishushwa kiwandani hadi 630. Watu wakaigombania. Kabla 2008 haijaisha, Acer, HP na Dell walikuwa nazo za kwao, na jina netibuku likaenea.

Bei ya dola 399 ilichangia sana. Lakini kilichowanasa wengi ni kwamba mashine haikufika kilo moja, ikaingia kwenye mkoba wa kawaida bila kumlemaza bega mwenyewe.

Wepesi huo na ule uzembe wa prosesa ni jambo moja. Umeme unaotumiwa na prosesa hutegemea hasa kasi na volti. Ukipunguza kasi kwa nusu, matumizi nayo hupungua takribani nusu. Volti ina makali zaidi: ukiipunguza kwa nusu, matumizi hubaki robo. Na prosesa isiyokimbia huridhika na volti ndogo, kwa hiyo akiba hizo mbili huja pamoja. Umeme ukipungua, joto hupungua. Joto likipungua, feni huwa ndogo au haihitajiki kabisa, na betri nyepesi hutosha.

Intel waliifikisha hoja hii mbali mwaka 2008 walipotoa Atom kwa ajili ya netibuku, prosesa ya wati 2.5, wakati zile za laptopu za kawaida zilikuwa za wati 25 au 35. Ili kufika hapo waliondoa uwezo ambao prosesa kubwa zilikuwa nao kwa miaka mingi, yaani kurukia amri inayofuata pale iliyotangulia inaposubiri data. Fikiria foleni ya mashine ya kusaga ambapo aliye mbele amesahau hela nyumbani, na mwenye mashine hataki kumhudumia mwingine hadi huyo arudi. Atom ilifanya kazi hivyo. Dawa ya Intel ilikuwa kuruhusu foleni mbili kwa zamu. Ilisaidia kiasi. Na ajabu ni kwamba chipu saidizi zilizofungwa pembeni yake zilikuwa za kizamani, zikala umeme kuliko prosesa yenyewe.

Kero nyingine mtumiaji alizihisi vidoleni na machoni. Kibodi ilibanwa hadi kidole kimoja kikabonyeza herufi mbili. Kioo cha Eee PC kilikuwa na mistari 480 tu ya nukta kwenda chini, ilhali programu nyingi zilitengenezwa kwa vioo virefu zaidi, hivyo kitufe cha kukubali kiliweza kujificha chini ya ukingo. Tena kulikuwa na udhaifu wa mkataba: Microsoft iliruhusu Windows XP iendelee kuuzwa kwa bei nafuu kwenye mashine hizi, kwa masharti kama kumbukumbu isiyozidi gigabaiti 1.

Mradi wa Nicholas Negroponte wa kompyuta moja kwa kila mtoto ulipima mambo kwa njia nyingine. Kompyuta yake, XO, ilikuwa na prosesa ya megahezi 433, lakini kioo chake, kilichobuniwa na Mary Lou Jepsen, kilisomeka juani bila taa ya nyuma. Rwanda ilisambaza zaidi ya laki mbili. Bei iliyoahidiwa ilikuwa dola 100; ilipoanza kutengenezwa ilikaribia 200. Na hata mashine inayokula umeme kidogo huhitaji mahali pa kuchajiwa, jambo ambalo shule nyingi za vijijini hazikuwa nalo.

Kwangu mimi, iliyofaulu kuliko zote ni ya zamani zaidi: TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983. Ilionyesha mistari 8 ya herufi 40, basi. Ilitumia betri 4 ndogo za dukani na kudumu kama saa 20; ukiiwasha ilikuwa tayari papo hapo, na ulichoandika jana ulikikuta. Waandishi wa habari waliipenda. Modemu yake ilituma herufi 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo habari ya herufi 3,000 ilifika chumba cha habari kwa simu chini ya dakika 2. Hakuna aliyelalamika kuwa ni nzito kufikiri, kwa sababu hakuna aliyeipa kazi nyingine.

Netibuku zilipewa kila kazi. Wanunuzi walitaka video, kurasa za intaneti zilizozidi kunenepa, na Windows nzima. Watengenezaji wakaongeza kioo hadi inchi 10 na zaidi, wakaweka diski kubwa zinazozunguka, na bei ikazisogelea laptopu za kawaida. iPad ilipokuja Aprili 2010, aliyetaka kusoma na kutazama tu alikuwa na pa kwenda. Waliobaki waliuziwa Windows 7 Starter, toleo ambalo halikumruhusu mwenye mashine hata kubadilisha picha ya mandhari.