Kona za Soni na Mzigo wa Mawimbi

Je, wajua kwamba mawimbi ya 4G hayasafiri kwa kasi zaidi kuliko yale ya simu za zamani za 2G? Yote huenda mwendo wa mwanga, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde. Kilichoongezeka ni mzigo wa data yanayobeba.

Panda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto. Barabara ikikwea genge kuelekea Soni, kona hii video inacheza vizuri, kona ijayo inazunguka tu, na alama ya 4G bado ipo kwenye kioo. Abiria husema mtandao unasumbua. Kumbe mnara umepunguza mzigo makusudi.

Wimbi hubebeshwa data kwa kubadilishwa kimo chake na mahali linapoanzia. Katika 2G ya mwanzo, kila badiliko lilibeba biti moja. Katika 4G, hewa ikiwa safi, wimbi hupewa sura moja kati ya 64, nayo hubeba biti 6. Tena mkanda wa masafa wa megahezi 20 umegawanywa katika vijimikanda 1,200, kila kimoja kikibadili sura mara 14,000 kwa sekunde. Zidisha vyote: biti milioni 100 na ushei kila sekunde, kwa antena moja.

Tatizo ni kwamba sura 64 zinakaribiana mno. Mlima ukikaa katikati, wimbi hufika limechoka na kelele huzichanganya sura. Simu huupa mnara taarifa kila baada ya milisekunde chache, nao hushuka hadi sura 16, hata 4 zenye biti 2 tu. Kwamba kelele huuwekea mzigo kikomo, Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu mwaka 1948.

Kinachonishangaza zaidi ni antena. Zamani wimbi lililogonga mwamba na kurudi lilikuwa kero tupu, kwani liliingiliana na lile lililokuja moja kwa moja. Wi-Fi ya mwaka 2009, na 4G vilevile, zikaligeuza kuwa mali: antena mbili hurusha data tofauti kwa wakati mmoja, katika masafa yaleyale, na simu yenye antena mbili huzitenganisha kwa hesabu kwa sababu kila moja imepita njia yake. Mzigo unakuwa maradufu bila kuongeza mkanda. 5G, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2022, hutumia antena nyingi zaidi.

Kwa hiyo video ikikwama Soni, isogeze simu kwanza, ili itoke pale mawimbi yanapoingiliana. Katika megahezi 1,800, wimbi lina urefu wa sentimita 17 hivi. Shubiri moja tu yaweza kutosha.