Mimba Zisizotarajiwa: Tujue Sababu Kabla ya Kunyosha Kidole



Ndugu wasomaji, binti akipata mimba angali shuleni, watu huuliza: "Kwa nini hakujitunza?" Swali hilo lina haki yake, lakini halitoshi. Katika falsafa tunajifunza kwamba tukio moja laweza kuwa na visababishi vingi. Anayetaja kimoja tu hajaeleza ukweli wote. Na jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata mimba.

Kwanza, umaskini na umbali wa shule. Binti anayetembea kilometa nyingi, au aliyepangishiwa chumba bila mtu mzima wa kumwangalia, hunaswa kwa lifti ya bodaboda au hela ya chipsi. Tangu 1998 sheria yetu inahesabu kuwa ni ubakaji kulala na binti wa chini ya miaka 18 nje ya ndoa, hata akikubali.

Pili, ukimya wa wazazi. Binti akivunja ungo huambiwa "usicheze na wavulana", basi. Mengine huyapata kwenye simu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo (1965), ulitaka vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo chanya na yenye busara, kadiri wanavyokua.

Tatu, malezi ya wavulana. Binti tunamfundisha kujihadhari. Mvulana hatumfundishi kujitawala. Mimba ikionekana, binti anaondolewa kwaya, kijana anaendelea kupiga kinanda.

Tunafundisha kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Basi tusimfukuze binti nyumbani, kwani aibu hiyo ndiyo humsukuma kuitoa. Desemba 2023 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilikumbusha kuwa mama asiye na mume, akiungama, asizuiwe Komunyo kwa sababu tu ya hali yake. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu aliyejifungua kurudi shuleni. Jumuiya ndogondogo zinaweza kumsaidia sare, daftari na mlezi wa mtoto.

Wahenga walisema, kitanda hakizai haramu. Tumpokee mtoto, tumshike mkono mama yake, na tumwulize baba yuko wapi.