Barabara tulivu Kajiado zipo, kizingiti ni kuzifikia

KILA mwaka, majira ya joto yanapokaribia kwisha barani Ulaya, barabara inayopanda hadi kilele cha Stelvio, kaskazini mwa Italia karibu na mpaka wa Uswisi, hufungwa kwa siku moja. Magari na pikipiki hupigwa marufuku tangu asubuhi hadi alasiri, na maelfu ya waendesha baiskeli huachiwa lami yote hadi penye kimo cha zaidi ya mita 2,750 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja wa njia hiyo, iliyojengwa katika miaka ya 1820, una kona 48.

Kajiado haina Stelvio. Hata hivyo, ina milima, ina mpaka wa kimataifa, na ina kilomita nyingi za barabara ambazo mtu anaweza kupiga pedali kwa muda mrefu bila kupishana na gari. Tofauti ni kwamba utulivu huo haukuletwa na amri ya serikali wala uamuzi wa mji wowote. Umetokana tu na uchache wa watu, na kila panapoongezeka watu unatoweka.

Dalili ziko Kitengela. Katika sensa ya 2009, kaunti ya Kajiado ilikuwa na wakazi 687,312. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 1,117,840. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu waliosukumwa na kodi za nyumba za Nairobi hadi Kitengela, Rongai na Ngong. Barabara kuu ya kwenda Namanga hupita katikati ya mji wa Kitengela, na juu yake hukutana malori ya saruji kutoka viwanda vya Athi River, matatu za Nairobi, bodaboda, na trela zinazoelekea Arusha.

Ukarabati wa barabara hiyo ya Athi River hadi Arusha, uliofadhiliwa kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), uliipatia Kajiado lami nyororo. Lami nyororo nayo huongeza kasi. Kwa mwendesha baiskeli, hatari haitoki nyuma pekee. Dereva anayetaka kulipita lori huingia upande wa pili wa barabara, na akimwona mtu wa baiskeli akija, mara nyingi hamhesabu kuwa ni chombo kinachokuja. Humwashia taa, maana yake aondoke. Anayeondoka hushuka kutoka ukingo wa lami hadi kwenye vumbi na mawe, na kurejea juu kwa tairi nyembamba ni kazi ya hatari kuliko kushuka.

Ndiyo sababu waendesha baiskeli wa Nairobi wanaoupenda mzunguko wa Athi River, Kitengela, Isinya, Kiserian na Ngong, safari ya zaidi ya kilomita 100, huiona sehemu yake ya kwanza kuwa kama ushuru wa kulipwa kabla ya starehe. Ukifika Isinya na kukata kulia kuelekea Kiserian, magari hupungua ghafla. Kinachobaki ni upepo. Nao si haba: katika eneo hilo la Kajiado ndiko kulikojengwa mitambo 60 ya kuzalisha umeme ya Kipeto, iliyoanza kazi rasmi 2021.

Barabara inayokaribia zaidi ile ya Alps kwa sura ni ya Magadi. Baada ya Kiserian hupanda hadi Corner Baridi, mahali ambapo jina lake si la mzaha asubuhi ya Julai, kisha huanza kushuka katika Bonde la Ufa. Mwendeshaji hupita Olepolos na Olorgesailie, penye zana za mawe za binadamu wa kale, hadi ziwa la magadi lililo kwenye kimo cha mita 600 hivi. Tofauti na Stelvio, hapa mteremko hutangulia na mlima huja mwishoni, wakati jua limepanda, maji yamekwisha na miguu imechoka. Wengi hujifunza hesabu hiyo mara moja tu.

Kwa upande wa mpaka, njia yenye mandhari ya kipekee ni ile ya Emali hadi Loitokitok, ya takriban kilomita 100, inayopita Kimana huku Mlima Kilimanjaro ukizidi kuwa mkubwa mbele ya macho. Kilele chake, chenye kimo cha mita 5,895, kiko Tanzania, lakini mteremko wake wa kaskazini huonekana vyema zaidi kutoka Kajiado. Kutoka Loitokitok, anayevuka mpaka na kukamilisha taratibu za uhamiaji anaweza kuendelea kwa lami kupitia Tarakea na wilaya ya Rombo hadi Himo. Alfajiri na jioni haifai kusahaulika kwamba Kimana ni njia ya ndovu wanaotoka Amboseli, na ndovu hapigiwi kengele.

Zipo pia njia za changarawe, na hizi ndizo zilizo mashakani. Nyanda za Kitengela zilikuwa sehemu ya ranchi ya jamii ambayo iligawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashamba yakauzwa, yakagawanywa tena, na ua ukafuata ua. Mapito ya ng'ombe yaliyotumiwa pia na nyumbu na pundamilia kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi yakakatizwa na seng'enge. Mjadala kuhusu ua hizo umekuwa wa wanyamapori na wafugaji, na ndivyo inavyostahili. Lakini mapito hayohayo yalikuwa njia salama za miguu na baiskeli, na yanapozibwa, kila mtu husukumwa kwenye barabara kuu.

Njia za changarawe zimepata thamani mpya pia. Tangu 2021, mashindano ya Migration Gravel Race yamekuwa yakivuta waendeshaji kutoka mabara mbalimbali hadi Maasai Mara, katika kaunti jirani ya Narok. Miongoni mwa waliojitahidi kuufungulia mchezo huo milango Afrika Mashariki ni Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani.

Je, barabara inaweza kufungwa Kajiado kama inavyofungwa Stelvio? Jibu linategemea barabara ni ya nani. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti barabara za kaunti pamoja na usimamizi wa trafiki na maegesho, huku barabara kuu zikisalia mikononi mwa serikali ya kitaifa. Barabara ya Namanga ni ushoroba wa biashara kati ya nchi mbili, na kuifunga hata kwa nusu siku ni kuwasimamisha wenye mizigo waliojengewa kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018. Mtaa wa ndani wa Kitengela ni suala jingine.

Mifano haiko mbali. Kigali ilianza siku zake za kutotumia magari mwaka 2016, ikifunga baadhi ya barabara Jumapili asubuhi ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli. Septemba 2025, mji huo uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na barabara zake zikafungwa kwa zamu kwa siku nane. Nairobi ilijaribu njia nyingine. Mapema 2019, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, alitangaza kwamba magari yangezuiwa katikati ya jiji kila Jumatano na Jumamosi. Wenye matatu walipinga, abiria wakauliza wangesafiri vipi siku ya kazi, na mpango ukaahirishwa bila kutekelezwa. Kigali ilichagua siku ambayo watu hawaendi kazini, Nairobi ikachagua siku wanayokwenda.

Hata hivyo, siku moja ya starehe haimfai sana anayeihitaji zaidi njia isiyo na magari. Katika ukanda wa Kitengela na Athi River, baiskeli si mchezo pekee. Ni nauli iliyookolewa na mfanyakazi wa kiwandani, kibarua wa mjengo na mchuuzi wa maziwa. Anayefunga safari ya Magadi huweza kuchagua Jumapili na kuondoka alfajiri, kabla ya malori kuamka. Mwenye zamu ya saa moja asubuhi hana uchaguzi huo, kwani yeye na malori huingia barabarani saa ileile.