Sufuria wa Ohio

Mpwa wangu wa Mbagala, yuko darasa la sita, alifungua sanduku la bibi yake akakuta kanga kuukuu. Imechapwa sura ya mtu, na chini yake imeandikwa "Hongera Barack Obama". Akaja nayo mbio.

"Mjomba, kwani huyu alikuwa rais wetu?"

Swali zuri hilo, wanangu! Hapana, hakuwa rais wetu. Lakini ule mwezi wa Novemba 2008, mtu angeweza kudhani ni wetu. Wamarekani walipiga kura tarehe 4, wakamchagua Obama kuwa rais wao. Tarehe 6 Wakenya wakapewa siku ya mapumziko nchi nzima, kwa kuwa baba yake Obama alitoka Kogelo, kule Siaya. Kogelo walicheza ngoma. Huku kwetu kina mama wakajifunga kanga zake.

"Basi Wamarekani walimchagua kwa sababu ni damu yetu?"

Aa, wanangu. Kogelo walishangilia, lakini kura hazikupigwa Kogelo. Kura zilipigwa Marekani. Twendeni tukamsikilize sufuria mmoja wa jimbo la Ohio. Mwacheni aseme mwenyewe.

"Mimi ni sufuria," akasema. "Nakaa jikoni kwa fundi wa kiwandani. Mwezi Septemba mwaka ule benki kubwa iitwayo Lehman Brothers ilifilisika. Jirani yetu alishindwa kulipa mkopo wa nyumba, benki ikaichukua, watoto wakatolewa na magodoro yao. Kiwandani wakaanza kupunguza watu. Bwana wangu akanifunua kifuniko, akachungulia ndani, akanyamaza. Kisha akaenda kupiga kura."

Mmemsikia? Hakutaja Kogelo hata mara moja. Na hakuwa peke yake. Wapiga kura walipoulizwa walipokuwa wakitoka vituoni, zaidi ya 6 kati ya kila 10 walisema jambo kubwa kwao lilikuwa uchumi.

"Lakini Mjomba, Wamarekani weusi si walimpa kwa ajili ya rangi?"

Umeuliza kama mtu mzima! Ni kweli, karibu 95 kati ya kila 100 walimpa, na wengi walilia kwa furaha. Lakini miaka minne kabla yake, karibu 88 kati ya kila 100 walimpa John Kerry, ambaye ni mzungu. Wengi wao walikuwa wa chama hichohicho cha Kerry na Obama tangu enzi za wazazi wao. Rangi iliongeza furaha. Chama kilikuwapo zamani.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu zaidi. Mwaka huohuo wa 2008, mwezi Februari, Rais George W. Bush alikuja hapa Dar. Akatia saini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698. Fedha hizo zilijenga barabara, na zilipanua mtambo wa maji wa Ruvu Chini, unaoleta maji huku mjini. Alisaidia pia dawa za UKIMWI na vyandarua. Watu wengi hapa walimpenda. Lakini kwao Marekani, kufika mwezi Oktoba, waliosema anafanya kazi vizuri walikuwa kama mtu mmoja tu kati ya wanne.

"Mbona aliyetuletea maji wenzake hawakumtaka?"

Kwa sababu sufuria wa Ohio hateki maji Ruvu Chini! Sisi tulimpima Bush kwa bomba letu. Wao walimpima kwa vita vya Iraq na kwa nyumba zilizochukuliwa na benki. Kura hazikupigwa Mbagala.

Na sufuria wetu hajafunga ndoa na chama chochote. Ohio ilimpa Obama mwaka 2008, ikampa tena 2012. Halafu ikampa Donald Trump, wa chama kingine, mwaka 2016, na 2020, na 2024. Jimbo lilelile! Wageni waliosema mwaka 2008 kwamba ubaguzi umekwisha Marekani walikosea. Waliosema baadaye kwamba Wamarekani wote wamekuwa wabaguzi walikosea vilevile.

"Lakini Trump si alitiwa hatiani mahakamani?"

Ndiyo, Mei 2024, huko New York, kwa makosa 34. Wapo waliomkataa kwa hilo. Wapo waliomchagua kwa ajili ya mpaka, au dini, au chama. Na wengi walitaja bei. Juni 2022 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 ndani ya mwaka mmoja, kasi ambayo haikuonekana kwa miaka kama 40. Mayai, nyama, kodi ya nyumba. Sufuria alikuwa na la kusema.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wageni. Kura za Marekani haziivi katika sufuria moja. Kila jimbo lina sufuria yake na idadi yake ya kura za kumchagua rais, na karibu majimbo yote humpa mshindi chungu kizima, hata akishinda kwa kijiko. Kura hizo za majimbo ni 538, na mshindi hutafuta 270. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata karibu kura milioni 3 zaidi ya Trump nchi nzima, na bado akashindwa.

Msiwacheke wageni, maana hata sisi tunatazamwa hivyohivyo. Mwaka 1996 palikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge Temeke. Augustine Mrema, Mchaga wa Kilimanjaro, akasimama kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi katikati ya watu wa pwani. Mpita njia angesema hapati kitu. Alishinda. Watu walimkumbuka alivyokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akisikiliza malalamiko ya wanyonge na kutoa amri papo hapo.

Uchaguzi ujao wa rais wa Marekani ni tarehe 7 Novemba 2028. Watu wazima watabishana kijiweni ni nani anatufaa sisi. Ninyi wanangu, ulizeni kwanza: mwaka huu, huko Ohio, mkate ni bei gani?