Pikapu Yako Hula Mafuta Kiasi Gani?



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, swali moja huulizwa katika mikutano ya matawi yetu: je, yafaa sisi wenye mashamba tuungane tununue pikapu yetu wenyewe, badala ya kukodi kila siku? Swali ni zuri, na jawabu lake si moja kwa watu wote. Lakini kabla mtu hajasema ndiyo wala siyo, hapana budi ajue gari hiyo itakula lita ngapi katika njia zetu, kwa mzigo wetu, mkononi mwa dereva wetu. Hesabu iliyoandikwa katika karatasi ya muuzaji haitoshi. Mimi nimelipia ujinga huo, na ndiyo sababu naandika.

Miaka michache iliyopita, mimi na jamaa wanne tulichanga fedha tukanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha tumika. Karatasi yake ilisema huenda kilometa 14 kwa lita moja. Tukaichukua hesabu ile kama ilivyo, tukapanga nauli ya gunia, tukaongeza faida kidogo, tukaanza kazi. Wateja walikuwa tele, maana nauli yetu ilikuwa nafuu kuliko ya wengine. Msimu ulipokwisha tukafungua mkoba: fedha ya mipira hakuna, fedha ya matengenezo hakuna. Tukaanza kutazamana. Mmoja wetu akasema dereva anauza mafuta njiani. Kijana wa watu akasikia maneno hayo, akarudisha ufunguo, akaenda zake.

NILIYOYAONA IDODI

Macho yangu yalifumbuliwa mbali na nyumbani. Shemeji yangu, Mpemba kama sisi, ana duka Iringa mjini, na wakati wa mavuno hununua mpunga katika vijiji vya Idodi. Nilipokwenda kumtembelea alinichukua katika safari yake moja, naye alikuwa na pikapu ya namna ile ile kama yetu.

Mji wa Iringa uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Njia ya kwenda Idodi hupita upande wa Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, kisha hushuka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu na mbuga ya wanyama ya Ruaha. Huko chini kuna joto, na watu hulima mpunga kwa maji ya mifereji. Sehemu kubwa ya njia tuliyopita ilikuwa ya kifusi na vumbi, yenye mikunjo kama bati. Basi kazi ya shemeji ni hii: hushuka na gari tupu, hupanda na magunia kumi ya mpunga, karibu tani moja.

Mbele ya kiti chake palikuwa na daftari. Kila alipotia mafuta aliandika tarehe, kilometa zilizosomwa kwenye gari, lita, na mzigo aliochukua. Nikamwambia, "Shemeji, karatasi ya gari hii si inasema kilometa 14 kwa lita?" Akacheka, akanipa daftari nisome mwenyewe.

Tuchukue kilometa 90 kwenda na 90 kurudi ili hesabu iwe nyepesi. Kushuka mtupu gari yake ilikwenda kilometa 15 kwa lita, yaani lita 6 kwa njia nzima. Kupanda na mzigo ilikwenda kilometa 9 tu kwa lita, yaani lita 10. Jumla ni lita 16. Kwa hesabu ya karatasi zingetosha lita 13.

Hapa pana mtego ambao wengi huangukia. Mtu huweza kusema: 15 na 9 ni 24, gawa kwa mbili, basi wastani ni 12. Sivyo. Kilometa 180 ukizigawa kwa lita 16 utapata 11 na robo. Sababu yake ni kwamba lita nyingi zimeliwa katika safari mbaya, na safari mbaya ndiyo yenye sauti kubwa katika hesabu. Daima jumlisha kilometa zote, jumlisha lita zote, kisha ndipo ugawe.

KARATASI YA MUUZAJI YATOKA WAPI

Karatasi si uongo, ila yazungumza habari ya mahali pengine. Gari hupimwa ndani ya jumba, magurudumu yakizunguka juu ya mapipa ya chuma, hewa ikiwa ya wastani, bila kilima, bila matope wala mashimo. Katika kipimo cha zamani cha Ulaya jaribio zima lilikuwa la dakika 20 hivi na kilometa 11 hivi, kwa mwendo wa wastani usiofika kilometa 35 kwa saa. Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, lililinganisha hesabu hizo na mafuta waliyotumia wenye magari hasa. Likaona kwamba kwa magari madogo ya Ulaya tofauti ilikuwa kiasi cha 9 kwa mia mwaka 2001, na ilipofika 2015 ilikuwa imekwisha kufika 40 kwa mia. Kuanzia mwaka 2017 Ulaya ilileta kipimo kipya kilicho kirefu na kikali zaidi, kiitwacho WLTP, nacho hukaribia ukweli kuliko kile cha kwanza. Lakini nacho pia hufanywa juu ya mapipa.

Tena soma vizuri namna ya kipimo. Wajapani huandika kilometa kwa lita. Watu wa Ulaya huandika lita kwa kilometa 100. Hapo gawa 100 kwa hesabu yao, na lita 7 kwa kilometa 100 zitakuwa kilometa 14 na ziada kwa lita. Wamarekani na Waingereza huhesabu maili kwa galoni, ila galoni zao si sawa: ya Marekani ni kama lita 3.8, ya Uingereza ni kama lita 4.5. Maili 25 kwa galoni ya Marekani ni kama kilometa 10.6 kwa lita. Kwa galoni ya Uingereza ni kama 8.8 tu. Wako walionunua gari kwa kuchanganya mawili haya.

MAMBO YALAYO MAFUTA

Kilima. Katika lita ya dizeli mna nguvu nyingi, lakini ni chini ya theluthi moja hivi ifikayo magurudumuni. Iliyobaki hutoka kuwa joto. Gari na mzigo wenye jumla ya tani 3 ikipanda mita 500 kwenda juu, kwa kupanda peke yake itakula lita moja na theluthi hivi, mbali na mafuta ya kwenda mbele. Na ukishuka hurudishiwi, maana breki huigeuza nguvu ile kuwa joto.

Wako madereva wanaotoa gea katika mteremko ili waokoe mafuta. Waache mara moja. Katika gari za siku hizi zenye kompyuta ya mafuta, ukiachia mguu gari ikiwa kwenye gea, injini hukatiwa mafuta kabisa. Ukitoa gea, injini hudai mafuta ili isizime. Hivyo huokoi kitu, na breki peke yake haziwezi kushika tani tatu mlimani. Waulizeni wanaopita Kitonga, katika njia ya Dar es Salaam na Iringa, watakuelezeni.

Mwendo. Upepo unaoizuia gari huongezeka kuliko mwendo wenyewe. Ukitoka kilometa 60 kwa saa ukafika 80, kizuizi cha upepo huwa karibu mara moja na robo tatu ya kile cha kwanza. Magunia yaliyopangwa kupita juu ya kibanda huongeza zaidi.

Mipira na breki. Mpira uliopungua upepo huwa mzito kuzunguka, hula mafuta na hula nafsi yake. Upime asubuhi mpira ukiwa baridi, na ufuate kipimo cha gari yenye mzigo. Breki inayoshika wakati mguu haupo juu yake ni mwizi anayesafiri nawe. Ukisimama, gusa kwa tahadhari karibu na gurudumu, na lile lenye joto kupita wenziwe lipelekwe kwa fundi.

Kusimama na injini ikinguruma. Injini ya pikapu ikisimama bure hula kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Katika foleni ya kituo cha kuuzia karafuu, zima.

KWETU VISIWANI

Mtu atasema: hayo ni ya Iringa kwenye milima, Pemba hatuna mlima. Ni kweli kwamba sehemu ya juu kabisa ya Pemba haifiki hata mita 150. Lakini nani kati yetu amekwenda mwendo mrefu Pemba bila ya kupanda na kushuka? Vilima kumi vya mita 50 ni sawa na mlima mmoja wa mita 500, hasa kama kila bondeni pana kona au watoto wa skuli, ikakupasa kushika breki. Tena kisiwa chetu hakifiki kilometa 70 kwa urefu, na safari zetu nyingi ni fupi mno. Injini iliyo baridi hula zaidi, nasi huizima kabla haijapata moto sawasawa.

Liko na jambo moja ambalo mkulima wa mpunga hana, nasi tunalo. Karafuu mbichi ikikauka hubaki karibu theluthi moja ya uzito wake. Mwenye kupakia tani moja ya karafuu mbichi kuipeleka mbali kuianika, zaidi ya kilo 600 alizobeba ni maji. Mafuta ya kubebea maji hayo hakuna atakayekulipa, kwani ununuzi ni kwa karafuu kavu. Basi kwa mwenye shamba la mbali, sakafu au majamvi karibu na mikarafuu yaweza kumwokolea mafuta mengi kuliko ufundi wowote wa dereva. Mvua ikitisha ni jambo jingine, hapo kuokoa mali ni bora kuliko kuokoa lita.

Kwa hivyo msitazame kilometa kwa lita peke yake. Tazameni lita ngapi zimeliwa kwa kila gunia kavu lililofika kituoni. Gari iliyokwenda mara mbili ikiwa na nusu mzigo yaweza kuonyesha kilometa nzuri kwa lita, kumbe imemtia hasara mwenyewe.

NAMNA YA KUPIMA

Kazi hii haitaki fundi. Jaza tangi katika kituo kimoja, gari ikiwa sehemu ya sawa, na usimame pampu inapojikata mara ya kwanza. Andika kilometa. Fanya kazi yako kama kawaida, bila kumwambia dereva aendeshe kwa adabu ya majaribio. Ukirudi, jaza tena pale pale, andika lita zilizoingia, na gawa kilometa kwa lita hizo. Fanya hivyo mara tatu au nne, msimu na nje ya msimu, ndipo utakuwa na hesabu ya kuitegemea.

Tabia moja hapana budi tuiache. Wengi wetu hununua mafuta kwa fedha: "Nitilie ya elfu ishirini." Mwenye kununua hivyo hukumbuka shilingi, lita hazijui, na bei ikibadilika hawezi kulinganisha mwezi huu na uliopita. Bei hutangazwa kila mwezi, Bara na EWURA, kwetu na ZURA, na kuibadili hatuwezi. Tuliloliweza ni lita. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama mipira imebadilishwa ikawekwa mikubwa kuliko ile ya asili, kumbukeni kwamba kilometa zinazosomwa ni pungufu kuliko zilizokwendwa.

NENO LA MWISHO

Niliporudi Pemba nilinunua daftari, nikaipima pikapu yetu kwa mwezi mzima, mimi mwenyewe nikiwa ndani yake. Ikaja kilometa 9 kwa lita. Maana yake ni kwamba kwa kila lita 9 tulizozipanga kwenye karatasi, gari ilikula 14. Hapo ndipo fedha yetu ilipokwenda. Kijana yule hakuuza hata tone.

Tulimwendea nyumbani kwao, wote watano, tukamtaka radhi mbele ya baba yake. Alitusamehe, lakini kazi kwetu hakurudi, na hatukuweza kumlaumu. Nauli tumeipanga upya kwa hesabu ya daftari. Imepanda kidogo, na baadhi ya wateja wamenung'unika, lakini safari hii fedha ya mipira imo mkobani.

Basi mwanachama anayetaka kununua pikapu, kwanza akamtafute mwenye gari ya namna hiyo hapa hapa kisiwani, amwombe daftari lake. Asipokuwa nalo, wajaze tangi pamoja na waanze leo.