Chipu Chini ya Ngozi ya Mfanyakazi: Manufaa na Hatari Zake

Tarehe 1 Agosti 2017, kampuni ya Three Square Market ya mji wa River Falls, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, iliwapandikiza makumi ya wafanyakazi wake chipu ya kielektroniki mkononi. Walijitolea kwa hiari, na gharama ya takriban dola 300 kwa kila mmoja ililipwa na mwajiri. Huko Sweden, kituo cha Epicenter jijini Stockholm kilikuwa kimeanza kutumia chipu za aina hiyo tangu mwaka 2015.

Jinsi inavyofanya kazi

Chipu hiyo ina ukubwa wa punje ya mchele na imefungwa ndani ya kibomba cha kioo. Huingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi, baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Haina betri, hupata nishati kutoka kwenye kifaa cha kuisomea mkono unapokaribishwa, kisha hutoa taarifa zake kwa mawimbi ya redio. Kwa kuwa husomeka katika umbali wa sentimita chache tu, haiwezi yenyewe kumfuatilia mtu njiani.

Mfanyakazi hufungua mlango, huwasha kompyuta au hununua vitafunio bila kadi wala nywila. Hata hivyo, takriban yote hayo huweza kufanywa na kadi ya kawaida, ambayo ikiharibika haihitaji kisu cha daktari. Hapa ndipo mizani ya kitabibu inapoelemea upande mmoja: kipandikizi cha moyo huvumiliwa hatari zake kwa sababu huokoa maisha, ilhali chipu ya ofisini haitibu ugonjwa wowote.

Hatari kwa mwili

Mwaka 2004, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliporuhusu chipu ya kumtambulisha mgonjwa, ilitaja hatari kadhaa: tishu kuathirika, chipu kuhama mahali pake, kushindwa kufanya kazi, taarifa kuvuja, na kutopatana na kipimo cha MRI. Uvimbe wa saratani umeonekana kuzunguka chipu katika baadhi ya panya wa maabara. Jambo hilo halijathibitishwa kwa binadamu.

Hiari ya kweli

Tangu mwaka 2006, sheria ya Wisconsin inakataza kumlazimisha mtu kupandikizwa chipu. Lakini shinikizo si lazima liwe amri. Wakubwa na wenzake wakikubali, mfanyakazi huweza kuona haya kukataa. Aidha, kila mlango unaofunguliwa huacha kumbukumbu ya saa. Kadi huweza kuachwa mezani, mkono hauachwi.

Ushauri

Anayefikiria kupandikizwa aulize kwanza: nani ataitoa chipu ajira ikikoma, kwa gharama ya nani, na nani anamiliki kumbukumbu zake? Mhudumu wa afya naye achunguze kama mhusika huota makovu makubwa, ana kisukari kisichodhibitiwa, kinga dhaifu, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aliyekwisha kupandikizwa amjulishe mtaalamu kabla ya kipimo cha MRI. Akiona wekundu, uvimbe, joto au usaha, afike kituo cha afya mapema. Asiikamue chipu wala kuichokonoa mwenyewe.