Picha ya Kuwakumbuka Waliozama

Ndugu msomaji wa Handeni au Korogwe, huenda ukauliza: sisi tunaovuka mto Pangani kwa daraja tuna nini na ajali za meli? Kumbuka kwamba mashamba ya mkonge yalileta huku vibarua kutoka pande nyingi za nchi, na wengi hawakurudi kwao. Si ajabu msiba wa Ziwa Victoria kubisha hodi katika nyumba ya Korogwe.

Basi ikiwa jamaa zako wanakusudia kuweka picha ya kuwakumbuka waliokufa katika meli ya M.V. Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, jambo la kwanza ni kuamua kisichofaa kuchorwa. Wengi hukimbilia meli iliyopinduka, tumbo juu. Iache. Ndani ya tumbo lile walikuwamo watu waliokuwa bado hai; lilipotobolewa ili waokolewe, hewa ilitoka na meli ikazama. Mjane asitundikiwe saa ile ukutani.

Ichorwe meli inayoelea, ndogo, na maji yachukue sehemu kubwa ya ubao. Fundi wa mabango, aliyezoea kujaza ukuta wa duka, atataka kuongeza hili na lile. Mzuieni kwa upole. Nyuso pia si lazima, kwani wako majirani ambao dini yao haipendi sanamu za watu. Mkungu wa ndizi, kikapu na kanga iliyokunjwa vinatosha kuonyesha nani walikuwa safarini.

Yaliyo magumu ni majina. Meli ile ilikusudiwa kuchukua abiria 430, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 800 au zaidi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ukinakili orodha tu, umewaacha majini kwa mara ya pili wale waliolipa nauli ndogo.

Kwa hiyo andikeni majina ya watu wenu bila kutaja daraja, kisha chini yake pigeni mistari mingine, kwa rangi ile ile ya mafuta, muiache mitupu. Iwe mipana kiasi cha kupitisha brashi. Siku moja atakuja mzee aseme kwamba mwanawe alipandia Kemondo usiku ule, na jina lake halijaandikwa popote.